Taasisi na deni la ubaguzi wa rangi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu mwaka 2020 matamko ya kuomba radhi yamekuwa mengi: benki, makanisa, vyuo vikuu, magazeti, vyama vya madaktari. Baadhi yalitokana na kazi ya miaka, ya watu waliokaa na madaftari makuukuu wakiyasoma ukurasa kwa ukurasa. Mengine yaliandikwa ndani ya wiki moja na yamekwisha kusahaulika. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mjadala huu unapoanza. Nimeyajibu nikiwa na msimamo ambao sitauficha: taasisi huanza kuwajibika siku inapofungua madaftari yake na kuwapa walioumizwa kauli juu ya kinachofuata. Kabla ya hapo imezungumza tu.

Ubaguzi wa kimfumo ni nini? Unatofautianaje na mtu mmoja kuwa mbaguzi?

Ni ubaguzi uliojengwa ndani ya kanuni, fomu, ramani na mazoea, kiasi kwamba unaendelea kufanya kazi hata kama kila aliyekaa kwenye dawati ni mtu mpole. Chukua Marekani ya miaka ya 1930. Wakala wa serikali wa mikopo ya nyumba ulichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyodaiwa kuwa hatari kwa mkopeshaji. Kuwapo kwa wakazi Weusi kulitosha kuushusha mtaa daraja. Idara ya serikali ya bima ya mikopo, iliyoanzishwa mwaka 1934, nayo ilifuata kanuni za aina hiyohiyo. Karani hakuhitaji kumchukia mtu yeyote. Alitazama kanuni, akakataa ombi. Familia iliyonyimwa mkopo haikupata nyumba, na isiyo na nyumba haikuwa na cha kuwarithisha watoto.

Uingereza dhana hii, kwa jina la ubaguzi wa kitaasisi, iliingia katika mazungumzo ya kila siku kupitia kijana mmoja, Stephen Lawrence, mwenye miaka 18, aliyeuawa na genge la wabaguzi kwenye kituo cha basi jijini London tarehe 22 Aprili 1993. Polisi walivuruga upelelezi. Mwaka 1999 ripoti ya jaji William Macpherson ilisema wazi kwamba tatizo lilikuwa la jeshi zima la polisi la London: chombo kizima kilishindwa kuwahudumia watu ipasavyo kwa sababu ya rangi, utamaduni au asili yao. Wauaji wawili walitiwa hatiani mwaka 2012, miaka kumi na tisa baada ya mauaji.

Waliofanya hayo wameshakufa. Taasisi ya leo inahusikaje?

Inahusika kwa sababu taasisi haifi na watu wake. Chuo kikuu kinachojivunia kuanzishwa karne tatu zilizopita hakiwezi kudai fahari ya karne hizo kisha kikakana madeni yake. Jina ni lilelile, majengo ni yaleyale, na mara nyingi mtaji ni uleule uliozaa na kuzaliana.

Benki Kuu ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2020 kwa magavana na wakurugenzi wake wa zamani waliohusika na utumwa, kana kwamba hayo yalikuwa mambo yao binafsi. Watafiti walipoingia kwenye nyaraka wakakuta kwamba benki yenyewe, katika miaka ya 1770, ilichukua mashamba mawili makubwa kisiwani Grenada baada ya mdaiwa kushindwa kulipa. Pamoja na mashamba hayo ilimiliki watu 599. Benki ilionyesha orodha ya majina yao hadharani mwaka 2022.

Kuna mfano mwingine ambao kila nikiusoma hunisimamisha. Bunge la Uingereza lilipofuta utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia, takriban asilimia 40 ya matumizi ya Hazina kwa mwaka mmoja. Fedha hizo zilikwenda kwa wamiliki. Watumwa hawakupewa hata senti, na wengi wao walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana walewale hadi mwaka 1838. Mkopo uliochangia kulipa fidia hiyo ulimalizika kulipwa mwaka 2015. Maana yake ni kwamba walipa kodi wa karne ya ishirini na moja, wakiwamo wajukuu na vitukuu wa watumwa, walikuwa wakichangia kulipa deni la kuwafidia waliowamiliki wazee wao. Kama deni la mabwana liliweza kudumu karibu karne mbili bila mtu kushangaa, sioni kwa nini la watumwa liwe limekwisha muda wake.

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwa nini kufukua makaburi?

Methali hiyo inahusu jambo lililokwisha kweli, na mimi mwenyewe naitumia. Ila ndwele ni ugonjwa, na ugonjwa haupiti kwa kuacha kutajwa. Ramani nyekundu zilipigwa marufuku, lakini nyumba ambazo hazikununuliwa hazikununuliwa. Tena wanaosema tusifukue mara nyingi ni wenye funguo za makaburi. Upande wa pili kuna familia zinazotafuta jina la babu yao kwenye orodha ya mali, kati ya ng'ombe na masufuria.

Ni taasisi za aina gani zimewahi kukiri?

Karibu za kila aina, na hilo lenyewe ni somo, maana ubaguzi wa mfumo haukuhitaji wanajeshi na mahakama tu. Ulihitaji bima, magazeti na sindano.

Nitakaa kidogo kwenye udaktari, kwa sababu hapo imani inatakiwa iwe kubwa kuliko mahali pengine popote. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliacha matawi yake ya majimbo na wilaya yawakatae madaktari Weusi hadi miaka ya 1960. Bila uanachama daktari alikosa nafasi ya kuwalaza wagonjwa wake kwenye hospitali nyingi. Madaktari Weusi walilazimika kuunda chama chao mwaka 1895. Kisha mwaka 1910 ikatoka ripoti ya Abraham Flexner kuhusu vyuo vya udaktari, iliyopendekeza vyuo vingi vifungwe. Kati ya vyuo saba vya Weusi, vitano vilifungwa. Vikabaki Howard na Meharry. Hesabu mwenyewe madaktari ambao hawakufunzwa kwa karne nzima, na wagonjwa ambao hawakuwapata. Chama kiliomba radhi mwaka 2008.

Kule Tuskegee, Alabama, Idara ya Afya ya Umma iliwafuatilia wanaume Weusi 600 kuanzia mwaka 1932, 399 kati yao wakiwa na kaswende, bila kuwaambia ukweli na bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa dawa ya kawaida. Jambo hilo lilikoma mwaka 1972 baada ya kufichuliwa na vyombo vya habari. Rais Bill Clinton aliomba radhi mwaka 1997. Lakini palikuwa na mshirika ambaye hakutajwa sana: mfuko wa hisani wa Milbank wa New York, uliokuwa ukizipa familia hadi dola 100 za mazishi kwa sharti kwamba zikubali maiti ipasuliwe kwa ajili ya utafiti. Kwa familia maskini, fedha ya kumzika baba kwa heshima ni kitu ambacho huwezi kukikataa. Mfuko huo uliomba radhi mbele ya wazao wa wanaume hao mwaka 2022, miaka hamsini kamili baada ya mradi kufungwa.

Magazeti nayo yamo. Kansas City Star lilichunguza kurasa zake tangu lilipoanzishwa mwaka 1880 na kuomba radhi Desemba 2020. Walikuta, miongoni mwa mengi, kwamba mafuriko ya mwaka 1977 yaliua watu 25, wakiwamo wakazi Weusi wanane, huku gazeti likijaza kurasa habari za hasara ya maduka ya kifahari. Na madalali: chama chao cha taifa Marekani, ambacho kanuni zake za maadili za mwaka 1924 zilimkataza dalali kuingiza mtu wa rangi fulani kwenye mtaa kama ingeshusha thamani ya nyumba, kiliomba radhi mwaka 2020.

Hatua ya kwanza ni ipi?

Kufungua nyaraka, tena kabla ya kuandika tamko. Chuo Kikuu cha Brown kinaheshimiwa kwa hili. Mwaka 2003 rais wake, Ruth Simmons, mwanamke Mweusi wa kwanza kuongoza chuo cha kundi lile la vyuo vikongwe vya Marekani, aliunda kamati ya kuchunguza uhusiano wa chuo na biashara ya utumwa. Kamati ilifanya kazi miaka mitatu na kuchapisha ripoti yake mwaka 2006. Vyuo vingi vilivyofuata vimepita njia hiyo.

Wengine walisukumwa na sheria. Mwaka 2002 jiji la Chicago lilipitisha kanuni kwamba kampuni inayotaka zabuni ya jiji ichunguze kumbukumbu zake na kutamka kama ilifaidika na utumwa. Mwaka 2005 benki ya JPMorgan Chase ikakiri kwamba benki mbili za Louisiana ilizozirithi zilipokea watu wapatao 13,000 kama dhamana ya mikopo, na zikaishia kumiliki takriban 1,250 kati yao pale wakopaji waliposhindwa kulipa. Nyaraka zilikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni kwamba kuzifungua kukawa sharti la biashara.

Kinyume chake ni funika kombe mwanaharamu apite. Wakati wazee wa Kenya walioteswa katika kambi za miaka ya 1950 walipoishtaki serikali ya Uingereza, wizara ya mambo ya nje ililazimika kukiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa na maelfu ya mafaili ya makoloni ya zamani yaliyohifadhiwa kimya kimya katika jengo la serikali huko Hanslope Park, Uingereza. Mwaka 2013 serikali ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Bila mafaili yale sidhani wangefika huko, kwa sababu wengi wao walikuwa wazee sana.

Radhi ya kweli inatambulikaje?

Inataja kitendo, mwaka, idadi na jina la taasisi yenyewe. Haisemi "makosa yalifanyika", inasema tulifanya. Haina lile neno "kama" linalopenda kujipenyeza: kama kuna aliyekwazika, kama tulimuumiza mtu. Inatolewa mbele ya walioumizwa au wazao wao, si kwa waandishi wa habari peke yao.

Tena kuna tofauti kati ya majuto na radhi. Kwa wazee wale wa Kenya, waziri William Hague alieleza masikitiko ya dhati, lakini serikali ikaendelea kukana kwamba inawajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Mwaka 2009 Seneti ya Marekani iliomba radhi kwa utumwa na sheria za ubaguzi, na mwishoni ikaongeza kifungu kwamba hakuna lolote humo linaloruhusu madai dhidi ya serikali. Ukiomba radhi huku mkono mmoja umeshika mlango usifunguke, aliye nje anauona mkono huo.

Wanasheria wetu wanasema radhi itatupeleka mahakamani. Ni kweli?

Inategemea nchi. Majimbo kadhaa ya Kanada, kama British Columbia mwaka 2006 na Ontario mwaka 2009, yametunga sheria kwamba radhi haiwezi kutumika mahakamani kama ushahidi wa kukiri kosa. Pale pasipo na sheria hiyo, mwanasheria yuko sahihi kutahadharisha, lakini uamuzi si wake. Ni wa bodi, na bodi iulizwe inalinda nini.

Fidia ilipwe kwa nani, na kiasi gani?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na hakuna kanuni moja. Umoja wa Mataifa, katika misingi iliyopitishwa mwaka 2005, unataja njia tano: kurudisha kilichochukuliwa, kulipa fidia, kuwahudumia walioumizwa wapone, kuwaridhisha kwa ukweli na radhi, na kuhakikisha jambo halirudiwi. Fedha ni sehemu tu. Lakini taasisi zinapenda mno kuanza na nyingine zote na kuiacha hiyo.

Habari ya Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, inafaa kusimuliwa kwa kirefu. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland, shirika la mapadre wa Kikatoliki walioendesha chuo hicho, waliuza watu 272 kwa wanunuzi wa Louisiana kwa dola 115,000, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo. Familia zilitenganishwa. Majengo mawili yakapewa majina ya makasisi waliosimamia mauzo. Mwaka 2017 chuo na shirika waliomba radhi mbele ya wazao, na jengo moja likaitwa kwa jina la Isaac Hawkins, mtu wa kwanza kwenye orodha ya waliouzwa. Wazao walipewa pia kipaumbele katika udahili, kama wanachopewa watoto wa wahitimu. Wengi walisema: mjukuu aliyemaliza masomo zamani, au asiyetaka kusoma huko, amepata nini?

Mwaka 2019 wanafunzi wakapiga kura, na theluthi mbili wakakubali kujitoza ada ya dola 27.20 kila muhula kwa ajili ya wazao, kiasi kilichochaguliwa kwa kumbukumbu ya wale 272. Vijana wasiouza mtu yeyote! Uongozi haukuipokea ada hiyo. Ukaahidi badala yake mfuko wa michango wa takriban dola 400,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 Wajesuiti, baada ya mazungumzo na viongozi wa wazao, waliahidi kukusanya dola milioni 100. Viongozi hao walikuwa wamelenga bilioni moja.

Mifano mingine ina sura tofauti. Chuo Kikuu cha Glasgow kilijivunia kwa muda mrefu kwamba kilipinga utumwa, na kwamba mwaka 1837 kilimpa shahada ya udaktari James McCune Smith, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata, wakati vyuo vya kwao vilimkataa. Yote kweli. Ripoti ya mwaka 2018 ikaonyesha kwamba chuo hichohicho kilipokea zawadi na wakfu zilizotokana na utumwa, zenye thamani ya leo kati ya pauni milioni 16.7 na 198 kutegemea namna ya kukokotoa. Mwaka 2019 kikakubaliana na Chuo Kikuu cha West Indies kutumia pauni milioni 20 kwa miaka ishirini katika utafiti wa pamoja. Mji wa Evanston, Illinois, ulichagua kitu kinachoshikika zaidi: dola 25,000 za nyumba kwa wakazi Weusi walioishi hapo kati ya 1919 na 1969, au wazao wao, kwa fedha zilizotokana na kodi ya bangi. Naona Evanston walifanya vizuri kwenye jambo moja, nalo ni kuunganisha fidia na kosa lenyewe. Kosa lilikuwa la nyumba, fidia ikawa ya nyumba.

Makanisa je? Hayana biashara.

Yalikuwa nayo. Christopher Codrington alipokufa mwaka 1710 aliiachia jumuiya ya kimisionari ya Kanisa la Anglikana mashamba yake ya Barbados pamoja na watu waliokuwamo. Vifuani mwao walichomwa kwa chuma cha moto alama ya jina la jumuiya hiyo. Utumwa ulipofutwa, ikapokea zaidi ya pauni 8,800 za fidia. Sinodi Kuu iliomba radhi mwaka 2006, na mwaka 2023 Makamishna wa Kanisa wakatangaza mfuko wa pauni milioni 100, kwa kuwa mfuko wa kale uliozaa wakfu wao uliwekeza katika kampuni ya biashara ya watumwa. Mwaka uliofuata jopo la ushauri likasema kiasi hicho ni kidogo na lengo liwe bilioni moja.

Afrika Kusini, kanisa la Kidachi lililotoa hoja za kibiblia za kutetea apatheidi lilitamka mwaka 1998 kwamba ilikuwa dhambi.

Nani akae mezani?

Walioumizwa, tangu siku ya kwanza, na wawakilishi wachaguliwe na wao wenyewe. Mwaka 2021 Ujerumani na serikali ya Namibia zilitangaza makubaliano kuhusu mauaji ya kimbari ya Waherero na Wanama ya 1904 hadi 1908: yuro bilioni 1.1 kwa miaka thelathini. Viongozi wengi wa jamii hizo waliyakataa wakisema hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba fedha zimeitwa misaada ya maendeleo ili neno fidia lisitamkwe. Fedha zilikuwepo, radhi ilikuwepo, na bado jambo likakwama hapo.

Kubadili majina ya majengo na kuondoa sanamu kunatosha?

Hapana. Lakini si upuuzi pia. Muulize anayepita kila asubuhi chini ya jina la aliyemuuza bibi yake.

Na mabaki ya watu yaliyo kwenye makumbusho?

Yarudishwe, na gharama za kutafuta ndugu zibebwe na aliyeyachukua. Wakfu wa Urithi wa Utamaduni wa Prussia, Berlin, ulichunguza mafuvu 1,135 yaliyokusanywa Afrika Mashariki enzi za ukoloni wa Kijerumani. Zaidi ya 900 yalitoka Rwanda ya leo, zaidi ya 200 Tanzania. Mwaka 2023 ulitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa watu watatu kutoka Tanzania. Zile hazikuwa sampuli. Ni watu ambao nyumbani kwao matanga hayakuwahi kuanuliwa.

Ahadi isipotekelezwa?

Hutokea mara nyingi. Kanada, katika suluhu ya mwaka 2006 kuhusu shule za bweni ambako watoto wa wenyeji waliondolewa kwa wazazi wao, taasisi za Kikatoliki ziliahidi kujitahidi kuchangisha dola za Kanada milioni 25. Zilipata chini ya milioni nne. Afrika Kusini, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipendekeza waathirika walipwe kwa miaka sita mfululizo. Serikali ikatoa randi 30,000 mara moja, na pendekezo la kodi kwa matajiri na makampuni yaliyofaidika likatupwa. Majaji nao walikataa kufika mbele ya tume kujibu maswali mwaka 1997, wakatuma maandishi.

Ndiyo maana ahadi iwe na tarehe, kiasi, na mtu wa nje anayekagua. Neno "tutajitahidi" lisikubaliwe kwenye mkataba.

Tutajuaje kwamba taasisi imebadilika?

Kwa kupima upya, na kwa kukubali majibu. Mwaka 2023, miaka ishirini na minne baada ya Macpherson, ripoti ya Louise Casey ilisema polisi wa London bado wana ubaguzi wa kitaasisi. Kamishna Mark Rowley alikubali matokeo lakini akakataa kulitumia neno lenyewe. Mama yake Stephen, Doreen Lawrence, amekuwa akisema kwa miaka thelathini kwamba ubaguzi huo upo.

Mimi ni mfanyakazi, mwanafunzi au muumini wa kawaida. Nianzie wapi?

Hakuna anayekudai ujione mkosaji kwa jambo lililotendeka kabla hujazaliwa. Unachoweza ni kuuliza kwa maandishi, kwa adabu na bila kuchoka: mtaji wa kwanza ulitoka wapi? Nani alikatazwa kuingia hapa, hadi mwaka gani? Kumbukumbu za vikao vya bodi zimehifadhiwa wapi, na nani anaruhusiwa kuzisoma? Tafuta wenzako watatu au wanne mwulize pamoja, maana anayeuliza peke yake huitwa mchochezi. Kama jibu ni kwamba nyaraka hazipo, uliza nani alizitafuta mara ya mwisho, na alitafuta chumba gani.